Mwavuli wa Baba Mkwe Uliobaki Yerusalemu

Safari nzima ilitugharimu shilingi milioni kumi na tatu, laki nane na elfu arobaini. Nilipojumlisha mara ya pili ikazidi kwa elfu kumi na mbili. Nikakumbuka ni zile chai mbili za uwanja wa ndege, nikaziingiza, ingawa moja ililetwa ya baridi. Humo kuna tiketi, viza, hoteli, basi la kututembeza, sadaka za kila mlango tulioingia, na faini ya kubadilisha jina la msafiri. Mwavuli sikuuhesabu. Ulikuwa wa mzee mwenyewe, mweusi, mpini wa mti uliopinda, na niliukuta nyumbani nilipoolewa. Ni kitu pekee ambacho hakikurudi, na ndicho kinachonifanya niandike.

Mwenye safari alikuwa baba mkwe wangu, mkulima wa chai na migomba kule Ikuti, kijiji cha upande wa Tukuyu, mgane, mzee wa kanisa wa siku nyingi. Alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: kuingia Yerusalemu kwa miguu yake. Wanawe walichanga, yeye akauza ng'ombe, na palipopungua nikajazia kwa faida ya parachichi. Wa kumsindikiza alikuwa mume wangu. Wiki chache kabla ya safari mume wangu akaenda Isongole kufuata viazi, bodaboda ikateleza, akarudi mguu umefungwa hogo la plasta. Kiongozi wa msafara, mtumishi wa Mungu mmoja wa Dar es Salaam, akasema kwenye simu kwamba pesa hairudi ila jina linabadilika kwa faini. Nikamshusha faini kutoka laki sita mpaka laki tatu na nusu, nikajiona mjanja. Kisha akauliza aandike jina la nani. Nyumba nzima ikanyamaza, wote wakanitazama mimi, kwa sababu pale ndani mwenye pasipoti nilikuwa mimi peke yangu. Niliikata kwa ajili ya biashara ya Zambia.

Kwa asiye wa kwetu inabidi nieleze kwa nini walinyamaza. Mwanamke aliyeolewa kwa watu wanaoshika mila hamtazami baba mkwe usoni. Jina lake halitamki. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye migomba na kumpa mgongo mpaka apite. Hawali chumba kimoja. Mjini Tukuyu wasichana wa siku hizi wanapiga picha na baba wakwe zao, wameshikana mabega, na siwalaumu, lakini mimi niliolewa Ikuti. Miaka ishirini na miwili nilimjua yule mzee kuanzia magotini kwenda chini. Nilijua mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Nilijua kikohozi chake. Viatu vyake nilivijua kuliko yeye, maana ni mimi niliyekuwa navipeleka kwa fundi kule Makandana.

Na kuzungumza tulizungumza, ila kwa mkalimani. Akiwepo mtoto, anatumwa mtoto. Asipokuwepo mtu, mzee anauegemeza mwavuli ukutani na kuuambia, "Mwavuli, mwambie mkwe chai imezidi majani." Mimi nikiwa jikoni najibu, nikimwita Tata, yaani baba kwa Kinyakyusa, "Mwavuli, mwambie Tata nimesikia." Ule mwavuli haukuwahi kupotosha ujumbe hata siku moja, sifa ambayo shemeji zangu hawana.

Kabla hatujaondoka, shangazi wa mume wangu, dada wa mzee, alinivuta nyuma ya nyumba. Akasema anajua hakuna namna nyingine, lakini nikimrudisha kaka yake bila kumtazama usoni, atanipigia vigelegele. Nikimtazama, yeye hatakuwa na la kunisaidia. Mume wangu naye, kutoka kitandani, alisema maneno machache kuliko hayo. "Mrudishe baba," alisema. "Hayo mengine tutajua."

Kwenye ndege mzee alikaa mbele, mimi safu tatu nyuma. Mwavuli waliuweka juu na mizigo, akabaki bila mkalimani, basi akawa anakiambia kiti cha mbele yake kimwulize mkwe kama ameshiba. Mzungu aliyekuwa kwenye kile kiti aligeuka mara mbili, halafu akavaa vile vitu vya masikioni.

Yerusalemu ya zamani iko ndani ya ukuta, na njia zake nyingi ni nyembamba kuliko stoo yangu ya parachichi. Nilikuwa nimeisoma kwenye Biblia nikadhani ni pana. Pale mtu akikwepa mkokoteni anajikuta kwenye dini nyingine. Adhana inatoka juu ya paa, kengele zinaijibu, na katikati wanapita wanaume wa kofia nyeusi, wanakimbilia kwenye ukuta wao wa kusalia kama watu waliochelewa gari. Kila kona kuna askari wenye bunduki, vijana wa umri wa kidato cha sita, na kila mtu anajua upande wake wa kupita isipokuwa mgeni. Siku zote tatu nilikuwa na hofu. Sikuwa nawaogopa askari. Niliogopa kona. Mzee alitembea mbele, mimi nyuma, na kila aliposimama kugeuka ilinibidi nami nigeuke. Nimezitazama kuta za Yerusalemu kwa karibu kuliko mtalii yeyote.

Siku ya mwisho tulipangiwa kuzuru Kanisa la Kaburi la Yesu asubuhi, kutembea sokoni mpaka mchana, na saa tisa basi liondoke langoni kwenda uwanja wa ndege. Mtumishi alirudia saa hiyo mara nyingi. Alisema wakaguzi wa uwanja ule hawana haraka na mtu, na ndege haingoji. Mvua ilikuwa inanyesha, mvua yao nyembamba ambayo Tukuyu tusingeiita mvua, ila mawe ya njiani yalikuwa yanateleza.

Sokoni nilisimama kwa muuza viungo mmoja aliyeuza pia vitambaa vya kichwa, Mwislamu mzee mwenye ndevu nyeupe. Tuligundua kwamba sita, saba, tisa na arobaini zetu ni zilezile za Kiarabu chake, na kwa namba hizo tukabishana kwa raha kuhusu kitambaa cha kijani. Akataka shekeli arobaini, nikasema sita. Akashika kifua. Nikaondoka bila kununua, akiniita, nami nikijua nikirudi atakuwa amefika kumi na mbili.

Ndipo likaja kundi la mahujaji wengine kutoka mbele, wamebeba msalaba wa mbao, wanaimba, wamejaza njia yote. Kundi letu likabanwa. Mzee, aliyekuwa hatua chache mbele yangu, akasukumwa, akageuka kuja upande wangu. Niliona viatu vinanielekea. Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Ikuti angefanya: nikageukia ukuta, nikaweka paji la uso kwenye jiwe, nikangoja apite.

Msalaba ukapita. Wimbo ukapita. Nilipogeuka, njia ilikuwa na viatu vya kila aina, vya kwake havikuwemo.

Nilienda mbele mpaka kona, nikarudi. Nikaenda tena. Watu wa kundi letu walikuwa wanaelekea langoni wakidhani yuko nami, na kwa nini wasidhani hivyo. Kumwita sikuweza, maana jina lake silitamki. Nikaita "Tata" kwa nguvu, wakageuka wanaume watatu wa mataifa matatu.

Langoni mtumishi alikuwa anahesabu watu. Nilimwambia. Alitazama saa, ilikuwa saa saba na nusu, akanishika mkono tukaenda kwa polisi wa zamu, binti mrefu mwenye nywele zilizofungwa nyuma. Kiingereza changu ni cha kuuzia parachichi, lakini maswali yake niliyaelewa. Mrefu au mfupi? Nikasema wastani. Ana ndevu? Nikamtazama mtumishi. Ana miwani? Rangi ya koti?

"Koti sijui," nilisema. "Viatu vyeusi vya ngozi. Kisigino cha kulia kimewekwa kipande cha tairi. Cha kushoto kimelika mbele. Kamba moja nyeusi, moja ya kahawia."

Mtumishi alitafsiri, kisha akanigeukia. "Mama, huyu ni baba yako mkwe. Umesafiri naye. Unaniambia hujui kama ana ndevu?"

"Najua anakohoa mara mbili kabla ya kuongea."

Pasipoti zetu zote alikuwa nazo yeye kwenye mkoba. Akachambua, akaipata ya mzee, akaifungua na kunielekezea ili nithibitishe. Nikageuza shingo.

"Ndiye," nikasema.

"Hujaangalia."

"Mtumishi, jina liko hapo. Lisome kimoyomoyo. Ndiye."

Yule binti polisi alikuwa ananitazama mimi sasa badala ya picha, na nikaona anawaza kwamba huenda mwanamke huyu amemtupa mzee wa watu mahali. Mtumishi aliona pia. Jasho likamtoka kwenye mvua. Alieleza kitu kirefu kwa Kiingereza, nikasikia neno la mila na neno la Afrika, na binti akainua mabega kama mtu aliyezoea watu wenye miko, maana mji ule kila nyumba ina yake. Akaipiga picha ile pasipoti kwa simu yake. Ikaamuliwa yeye na mtumishi wazunguke njia kubwa kwa picha. Mtumishi aliniambia basi atalizuia mpaka saa tisa na robo. Baada ya hapo ana watu thelathini na nane wenye tiketi, na mimi ningechagua kupanda au kubaki.

Nilijua maana ya kubaki. Viza yetu ilikuwa inakwisha kesho yake, mfukoni nilikuwa na dola ishirini na sita, na mzee hana neno la Kiingereza. Hata Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani. Nilijua pia maana ya kupanda. Ningeshuka Ikuti peke yangu, na mume wangu angekuwa mlangoni kwa magongo.

Nikaingia tena sokoni, macho chini. Kwa mara ya kwanza ujuzi wangu ulikuwa na kazi. Nilipita nikisoma miguu: raba, buti za askari, viatu vya mashehe, vya masista, visigino vya watalii. Nilichungulia chini ya meza. Saa nane ikapita. Nilijikuta tena kwa muuza viungo, naye kwa kuniona akakinyanyua kile kitambaa cha kijani na kunionyesha vidole, kumi na mbili.

Sikuwa na pumzi ya biashara. Nikamwonyesha mzee kwa ishara: mgongo umeinama, mguu unaburuta, mwavuli. Alipoona ishara ya mwavuli uso wake ukabadilika. Akakiweka kitambaa chini, akatoka nje ya duka lake kwenye mvua, akaninyooshea kidole ngazi za mawe pembeni, akachora msalaba hewani na kupaka uso wake kwa mkono kuonyesha weusi. Halafu akanisukuma mgongoni kidogo, kama mtu anayemsukuma mwanawe kwenda shule.

Zile ngazi zilinitoa juu ya paa la Kanisa la Kaburi. Sikujua kwamba juu ya paa wanaishi watu. Kuna uwanja, na vibanda vya udongo vyenye milango midogo ya kijani, mtu mzima anainama kuingia. Wanaoishi humo ni watawa wa Ethiopia. Nilisimama pale nikiloa, na kwa dakika moja nikaona jiko la mama yangu mzazi.

Mlango mmoja ulikuwa wazi. Kizingitini palikuwa na kandambili na jozi moja ya viatu, vimepangwa sawasawa. Kamba moja nyeusi, moja ya kahawia. Zile kamba nilizinunua mimi, moja moja, kwa sababu fundi hakuwa na jozi na alinipunguzia mia mbili.

Nilikaa chini karibu na viatu, nikaupa mlango mgongo. Nilikohoa. Nikasema, "Viatu, mwambieni Tata basi linaondoka."

Ndani mtu alikuwa anasoma kwa sauti ya kuimba, polepole. Aliendelea kusoma.

"Viatu, mwambieni Tata ni saa nane na nusu imepita. Mtumishi hangoji."

Nilisikia mzee anakohoa, mara mbili, lakini baada yake halikuja neno. Nikatazama kama mwavuli uko karibu nibishe nao hodi. Haukuwepo. Mtawa mzee sana alikuwa anavuka uwanja kwenye mvua, taratibu, na juu ya kichwa chake ulikuwa umefunguliwa mwavuli mweusi wenye mpini wa mti uliopinda.

Nikavua viatu vyangu, nikaviweka kando ya vyake, nikainama kuingia.

Kulikuwa na giza na mishumaa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, peku, mikono magotini. Nilisimama mbele yake nikamtazama. Ana ndevu, za kijivu, chache. Ana kidevu cha mume wangu na masikio ya mwanangu wa mwisho. Na jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa. Mtoto wa jicho, tena wa siku nyingi. Hakuwa anaburuta mguu kwa ugonjwa wa mguu. Alikuwa anapapasa njia.

Watu sita tunaishi kwenye ule uwanja wa Ikuti. Wanawe wanaongea naye wameinamisha vichwa kwa heshima, mimi ninaongea na mwavuli wake.

Alijua kuna mtu mbele yake ila alitega sikio, akageuza kichwa mpaka jicho la kulia likanipata. Likakaa juu yangu muda.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema. Hakumwambia mtu aniambie.

"Ndiyo, Tata."

"Nilimwona mzee mweusi kama mimi analoa mvua. Nikadhani nimefika nyumbani, nikamfuata. Nikampa mwavuli." Akapapasa ukuta kwa kiganja. "Baadaye nikatafuta njia ya kushukia, sikuiona."

Nilimwambia tuna dakika chache. Akasimama, akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwepo.

"Upande huu sioni," akasema. "Kaa huku."

Nikakaa huku. Nilimfunga kamba za viatu mimi mwenyewe, kisha nikamshika mkono, kitu ambacho sikukifanya hata siku ya msiba wa mama mkwe. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Kwenye ngazi nilimwambia hesabu, moja, mbili, hapa pana utelezi, naye akazirudia kwa Kinyakyusa. Uwanjani tulikuwa tumepishana na yule mtawa, akafunga mwavuli ili aurudishe. Mzee akakataa kwa kichwa, akasema, "Ndaga," shukrani ya kwetu, na mtawa akajibu kwa lugha yake, wakaelewana. Mimi ningeuchukua, mnielewe hivyo. Ulikuwa bado mzima.

Muuza viungo alipotuona alitupia kile kitambaa cha kijani begani mwangu. Nikatoa pesa, akakataa hata kuzitazama. Ni bei pekee ambayo sijawahi kuishusha.

Tulifika langoni saa tisa na dakika kumi na mbili. Mtumishi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi, na yule binti polisi kando yake. Binti aliniona nimeshika mkono wa mzee, akamtazama mzee, akatazama chini viatu vyake, kamba zile mbili, na kwa mara ya kwanza akacheka. Kwenye ndege tulikaa viti jirani. Mimi kushoto.

Sasa tuko Ikuti. Jicho limeshatazamwa na daktari, amesema linaweza kusafishwa, tumepangiwa siku, na mume wangu ameanza kukanyagia mguu. Hayo yote yanakwenda. Lakini mzee ananiita uani kwa sauti yake mwenyewe, mbele za watu: "Mkwe, leta maji." Nikimwona njiani na kuingia kwenye migomba kwa mazoea, anasimama. Hapiti. Anangoja mpaka nitoke.

Shangazi hakupiga vigelegele. Alikuja Jumapili, akasikia mzee ananiita, akaondoka kabla ya chakula. Aliniachia maneno kwamba mambo yaliyomwagika yanazoleka: ninunue mwavuli mwingine, mweusi, nimkabidhi mzee kwa mikono miwili mbele ya ndugu, na kila kitu kirudi mahali pake. Akasema binti zangu nao wataolewa, na watu watauliza walifundishwa nini kwa mama yao. Mume wangu nikimwuliza anasema hilo ni langu na baba yake. Mzee mwenyewe simwulizi. Nikimpa ataupokea, namjua sasa, atausimamisha ukutani bila neno, na kuanzia hapo sitajua tena jicho lake la pili linaendeleaje.

Mwavuli nimeshauona, duka la Makandana, mpini wa mti kama ule. Walianzia elfu kumi na nane, nimewafikisha kumi na tatu, na wameuweka kando mpaka Jumamosi. Shangazi anakuja Jumapili. Ninyi mliofundwa na mkaolewa kwenye nyumba kama yangu, na ninyi wazee mnaoongea na vitu ukutani, naomba ushauri kabla ya siku hiyo: ninunue, au niwaambie wautoe wauze?